Jiji moja, hesabu mbili: nani alisema kweli New York Novemba 2020?

SWALI: Assalaam aleikum Daktari. Mimi ni mkazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Kaka yangu yuko Bronx, New York, anafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani. Novemba 2020 alinipigia simu akaniambia shule za jiji zima zimefungwa kwa sababu maambukizi ya korona yamefika asilimia 3. Mkewe akadakia kwamba gavana amesema ni 2.5. Na chini ya nyumba yao mkahawa ulikuwa wazi, watu wanakula. Desemba, mtoto wao wa darasa la pili aliporudi shule, akarudishwa nyumbani eti hana fomu. Nani alikuwa anadanganya? Nauliza kwa sababu mimi ndiye ninayesambaza habari za afya kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu, na sitaki kupotosha watu.

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu.

Kati yao hakuna aliyedanganya. Jumatano ya tarehe 18 Novemba 2020 meya wa New York, Bill de Blasio, alisema wastani wa siku saba wa waliopimwa na kukutwa na virusi umefika asilimia 3 kamili. Siku hiyohiyo gavana wa jimbo, Andrew Cuomo, akasema wastani wa jiji hilohilo ni 2.5. Kaka yako alimsikiliza meya, wifi yako akamsikiliza gavana, na kila mmoja alikufikishia alichosikia bila kuongeza chumvi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaeleza tarakimu ile imepatikana vipi, wala nani ana mamlaka ya kufunga nini.

Kazi yangu ni takwimu za magonjwa, kwa hiyo niruhusu nianze na hesabu, ingawa uzito wa jambo hili uko kwenye mamlaka.

Mtu akipimwa kuna tarehe mbili: ile aliyochokonolewa pua, na ile ambayo matokeo yake yameingia kwenye kompyuta za serikali. Idara ya afya ya jiji ilipanga matokeo kwa tarehe ya kwanza, jimbo likapanga kwa tarehe ya pili. Kama maabara zote zingetoa majibu kwa kasi moja, tofauti hiyo isingekuwa na maana. Lakini vuli ile kulikuwa na vituo vinavyotoa majibu papo hapo, hospitali zinazotoa kesho yake, na maabara zinazochelewa siku kadhaa. Basi "wiki" ya jimbo ilikuwa mchanganyiko wa sampuli za jana na sampuli za kitambo zilizochelewa njiani. Maambukizi yakiwa yametulia, mchanganyiko huo haudhuru kitu. Yakiwa yanapanda, na Novemba yalikuwa yanapanda, sampuli za siku za nyuma, ugonjwa ulipokuwa chini, huzimua hesabu kama maji kwenye maziwa. Jiji liliepuka hilo, lakini nalo lilikuwa na kasoro yake: majibu yaliyochelewa yalirudishwa kwenye siku sampuli ilipochukuliwa, hivyo asilimia ya Jumatatu uliyoisoma Jumatano ungeweza kuikuta imebadilika ukiitazama tena Jumamosi.

Ukiniuliza mimi, njia ya jiji ni bora kwa kujua ugonjwa unaelekea wapi. Kwa kuamua shule zifungwe kesho au zisifungwe, ni kigezo dhaifu, maana tarakimu yenyewe bado inatikisika. Kumtoa mtoto darasani kwa sababu wastani umegusa 3.00, huku ukijua majibu mengine bado yanaingia, ni kuipa nukta ya desimali madaraka isiyoyastahili.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa jiji hilo kuwa na hesabu mbili. Tarehe 14 Aprili mwaka uleule, jiji liliongeza kwa mkupuo vifo zaidi ya 3,700 vya watu waliodhaniwa kufa kwa korona bila kupimwa, wengi wakiwa wamefia majumbani. Jimbo likaendelea kutangaza waliothibitishwa kwa kipimo tu. Tangu siku hiyo, aliyesema "New York wamekufa watu kadhaa" alipaswa kuulizwa kwanza anasoma daftari la nani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hulipita. Asilimia hiyo haihesabu wagonjwa wa jiji, inahesabu waliokutwa na virusi kati ya waliojitokeza kupimwa. Kabla ya sikukuu ya Shukrani, tarehe 26 Novemba, watu walijipanga foleni za kuzunguka mtaa mzima wapate cheti cha kusafiria kwenda kwa wazazi wao. Wengi wa hao walikuwa wazima. Wazima wakijaa kwenye foleni, asilimia hushuka hata kama wagonjwa wanaongezeka. Kwa hiyo ukiona asilimia peke yake, tafuta na idadi ya waliopimwa. Ukiikosa, usiitie asilimia hiyo maanani sana.

Sasa tuje kwenye mamlaka. Usimfikirie gavana wa kule kama gavana wa kaunti kwetu. Wewe ni mtu wa Kibokoni, yaliyotokea Mei 2020 unayajua kuliko mimi: Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kufungwa kwa Mji wa Kale pamoja na Eastleigh, na amri hiyo ilitoka Nairobi, kaunti ikaipokea. Marekani serikali kuu haikuwa na uwezo wa kuamuru mkahawa wa Bronx ufungwe. Uwezo huo ulikuwa wa jimbo, na jiji, hata likiwa na watu zaidi ya milioni 8, linapata madaraka yake kutoka kwa jimbo. Meya wa New York ndiye aliyekuwa kwenye nafasi ya kaunti yako.

Tena hawa wawili, ingawa ni wa chama kimoja, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Tarehe 11 Aprili meya alitangaza kwamba shule zitabaki zimefungwa hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Saa chache baadaye gavana akasema uamuzi huo si wa meya, ni wake. Ilipofika kiangazi akalegeza: eneo ambalo maambukizi yako chini ya asilimia 5 linaweza kufungua shule, likizidi 9 lazima lifunge, na katikati hapo wenyeji waamue. Jiji likachagua kuwa kali zaidi. Baada ya mivutano na chama cha walimu, UFT, likaweka mstari wa asilimia 3.

Watu wanaoucheka mstari ule leo wanasahau ulichorwa wakati gani. Jiji lilikuwa limezika watu zaidi ya 23,000. Wafanyakazi wa idara ya elimu zaidi ya 70 walikuwa wamefariki. Walimu walikuwa wakiuliza madirisha ya madarasa yanafunguka au yamegandishwa na rangi ya miaka mingi. Ufunguzi uliahirishwa mara mbili, kutoka tarehe 10 Septemba hadi 21, kisha shule za msingi zikaingia tarehe 29 na za sekondari tarehe 1 Oktoba, tena kwa zamu: siku kadhaa darasani, siku nyingine mtandaoni. Septemba hiyo asilimia ya jiji ilikuwa karibu na 1, na 3 ilionekana iko mbali. Ilikuwa ahadi ya kuwatuliza watu waliojeruhiwa, na kwa hilo ilifanya kazi.

Kosa ni kwamba vuli ilipoleta taarifa mpya, ahadi haikupitiwa upya. Shule zilikuwa zikipima wanafunzi na walimu kwa kuwachagua bila mpangilio, na waliokutwa na virusi humo walikuwa karibu asilimia 0.2. Yaani ndani ya majengo ya shule kulikuwa salama kuliko nje. Wanafunzi kama 300,000, kati ya zaidi ya milioni moja, ndio waliokuwa wakienda darasani wakati huo, na hao ndio waliorudishwa nyumbani.

Na siku yenyewe ilikuwa fujo. Mkutano wa meya na wanahabari, uliopangwa asubuhi, ulisogezwa mbele saa baada ya saa. Gavana alikuwa tayari hewani kwake, mwandishi akamuuliza kama shule zitafunguliwa kesho, akawaka. Wakati bado anajibizana na wanahabari, mkuu wa elimu wa jiji, Richard Carranza, alikuwa ameshawaandikia walimu wakuu barua pepe kwamba kuanzia kesho majengo yanafungwa. Wazazi walipata uhakika alasiri, kwa ajili ya asubuhi ya Alhamisi. Fikiria mtu kama kaka yako, ambaye mzee anayemtunza hawezi kuachwa peke yake: jioni moja tu ya kutafuta nani atakaa na mtoto.

Ule mkahawa wa chini ya nyumba sasa. Meya hakuwa na mamlaka nao, ulikuwa chini ya gavana, naye alitazama tarakimu zake mwenyewe. Kula ndani kuliruhusiwa tena tarehe 30 Septemba, kwa robo ya nafasi tu, joto la mwili likipimwa mlangoni na mmoja wa kila meza akiacha namba ya simu. Tarehe 13 Novemba jimbo likaongeza amri kwamba baa, mikahawa na vituo vya mazoezi vifungwe saa nne usiku. Utacheka, na wengi walicheka: virusi havitazami saa. Ila hoja yao ilikuwa kwamba baada ya saa nne watu hawali tena, wanakunywa, na mnywaji hukaa karibu na mwenzake na barakoa huivua.

Chini ya yote kulikuwa na pesa. Nyongeza ya dola 600 kwa wiki kwa waliopoteza kazi iliisha mwishoni mwa Julai. Mikopo ya serikali kuu ya kulinda mishahara ilifungwa tarehe 8 Agosti. Bunge la Marekani lilikaa miezi likibishana, na msaada mpya haukutiwa saini hadi mwisho wa Desemba. Gavana akifunga mikahawa katikati ya kipindi hicho, anamfunga mpishi na muosha vyombo bila kuwapa chochote mkononi. Shule ukiifunga, mwalimu bado analipwa, na hasara inaangukia mahali ambapo haitokei kwenye daftari la mapato: kwa mama aliyeacha kazi, kwa mtoto anayeishi kwenye makazi ya wasio na nyumba ambako intaneti haishiki. Sioni kwamba hilo lilikuwa sahihi. Naeleza tu kwa nini mlango wa shule ulifungwa kabla ya mlango wa baa, kwa sababu watu wengi walidhani ni ujinga, kumbe ulikuwa mpangilio wa nani anabeba gharama kimya kimya.

Kuna sehemu ya vuli ile ambayo nadhani mtu wa Mji wa Kale ataielewa upesi, nayo ni ramani ya rangi. Mwanzoni mwa Oktoba maambukizi yalikuwa yamepanda katika mitaa michache ya Brooklyn na Queens, kama Borough Park, Midwood, Gravesend na Far Rockaway. Tarehe 4 Oktoba meya alipendekeza kufunga maeneo 9 kwa kufuata misimbo ya posta. Kesho yake gavana akakubali shule za maeneo hayo zifungwe, akaikataa njia ya misimbo ya posta, na tarehe 6 akatoa ramani yake: nyekundu, chungwa na njano. Kwenye nyekundu shule zilifungwa, biashara zisizo za lazima zikafungwa, chakula kikawa cha kubeba tu, na nyumba za ibada zikaambiwa mwisho watu 10. Kwenye chungwa mwisho 25 ibadani, na kula nje tu, watu wanne kwa meza. Njano ilikuwa nyepesi, shule wazi lakini upimaji kila wiki ni lazima.

Kwa karatasi ni mpango mzuri, na kwa kweli kufunga mtaa kuna mantiki kuliko kufunga jiji. Mitaani mstari wa ramani ulipita katikati ya barabara: kinyozi wa upande huu amefunga, wa upande ule ana wateja. Watu walilazimika kuandika anwani zao kwenye tovuti ya serikali kujua leo wana rangi gani, kwa sababu rangi zilibadilika. Amri yenyewe iliangukia siku za sikukuu ya Kiyahudi ya Sukkot, na Borough Park ni mtaa wa Wayahudi wa Kihasidi, washika dini sana. Usiku ule waliandamana, wakachoma barakoa barabarani. Dayosisi ya Kikatoliki ya Brooklyn na jumuiya ya Kiyahudi ya Agudath Israel zikaenda mahakamani, na usiku wa tarehe 25 Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani ikazuia ule ukomo wa watu 10 na 25 kwa kura 5 dhidi ya 4. Wakati huo maeneo yenyewe yalikuwa yameshabadilishwa rangi.

Kabla ya hapo jiji lilikuwa limepeleka magari yenye vipaza sauti na simu za kurekodiwa kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi hao. Lilichelewa, lakini angalau lilikumbuka kwamba watu husikia kwa lugha yao. Na hapa ndipo kaka yako anapoingia. Sheria ya jiji ya 2017 inazitaka idara zinazohudumia umma zitafsiri taarifa muhimu kwa lugha kumi: Kihispania, Kichina, Kirusi, Kibengali, Kikrioli cha Haiti, Kikorea, Kiarabu, Kiurdu, Kifaransa na Kipolandi. Kiswahili hakimo. Mkongomani wa Bronx anaweza kusoma Kifaransa, lakini Mswahili wa Mombasa au Mtanzania anabaki na Kiingereza cha haraka haraka cha televisheni, au na mtu kama wewe, aliye bara jingine na simu mkononi. Kwa hiyo usidharau kazi unayoifanya.

Ndiyo maana nakusisitizia uangalie habari zipi unazipeleka. Siku zile runinga zilijaa ugomvi wa asilimia, huku mambo yenye faida kwa nyumba ya kaka yako yakipita bila kelele. Shule ziliendelea kutoa chakula cha bure mlangoni kwa mtu yeyote, mtoto kwa mtu mzima, bila kuulizwa kitambulisho wala hati ya uhamiaji. Kupimwa kulikuwa bure kwenye vituo vya jiji. Aliyekutwa na virusi na hana chumba cha kujitenga, jiji lilimpa chumba hotelini bila malipo, na kwa familia ya watu sita kwenye vyumba viwili hilo si jambo dogo. Treni za chini ya ardhi zilikuwa zikisimama kila usiku kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri, tangu tarehe 6 Mei, ili zisafishwe. Mtunza wazee anayetoka zamu usiku wa manane alihitaji kujua basi lipi linamfikisha nyumbani kuliko kujua nani amemshinda nani kati ya meya na gavana.

Kama ningekuwa naandikia kikundi chako jioni ile ya tarehe 18 Novemba, ningeandika hivi:

"Meya wa jiji la New York amefunga majengo ya shule za umma za jiji kuanzia kesho Alhamisi tarehe 19 Novemba 2020. Masomo ni kwa mtandao. Mikahawa haijafungwa, hiyo iko chini ya gavana wa jimbo. Jiji linasema asilimia 3 ya waliopimwa wiki hii wana virusi, jimbo linasema 2.5, kwa sababu wanahesabu tarehe tofauti. Zote mbili zinapanda. Chakula cha bure cha shule kinaendelea kutolewa. Siku ya kufungua haijatangazwa."

Maneno hayatimii mia, na yeyote atakayeyapokea siku nne baadaye atajua ni ya lini na ni ya nani. Hilo la tarehe nalikazia, maana ujumbe usio na tarehe huzunguka miezi. Hapo Mombasa nadhani bado kuna watu wanaosambaza masharti ya kafyu iliyokwisha zamani.

Mwisho ile fomu ya mtoto. Tarehe 29 Novemba meya aliuacha mstari wa asilimia 3 na kutangaza utaratibu mpya: chekechea na shule za msingi zirudi tarehe 7 Desemba, na kila wiki asilimia 20 ya walio ndani ya jengo wapimwe, badala ya mara moja kwa mwezi. Tarakimu ya jiji siku watoto waliporudi ilikuwa juu kuliko siku walipotolewa. Wiki moja baadaye, tarehe 14 Desemba, gavana akapiga marufuku kula ndani ya mikahawa jijini. Yaani mpangilio uligeuka kuwa ule ambao wataalamu wengi waliutaka tangu mwanzo. Sasa, ili shule iweze kumpima mtoto wa darasa la kwanza na kuendelea, mzazi alitakiwa kutia saini idhini. Bila idhini mtoto haruhusiwi kuingia, anabaki na masomo ya mtandaoni. Mpwa wako hakuonewa. Idhini hiyo iliweza kutiwa saini kwa simu, kwenye akaunti ya mzazi ya idara ya elimu, na kama wazazi wake waliijaza jioni ileile, hakukosa zaidi ya siku moja. Kama ana kaka au dada aliyekuwa darasa la sita hadi la nane, huyo alingoja hadi tarehe 25 Februari 2021, na wa sekondari ya juu hadi tarehe 22 Machi.